Kesho asubuhi utakwenda wapi? Mwongozo wa ripoti ya utafiti kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu

Mwanafunzi akiniletea mada ya utafiti, simuulizi kwanza habari za nadharia wala mbinu. Namuuliza: kesho asubuhi ukiamka, utakwenda wapi, na jioni utarudi na nini mkononi? Anayejibu, "Nitakwenda Mtaa wa Congo, Kariakoo, nitarudi na picha thelathini za mabango ya maduka," huyo utafiti ameshauanza. Anayejibu, "Nitachunguza athari za utandawazi kwa lugha ya Kiswahili nchini," huyo bado hajapata mada. Ana hamu tu, na hamu haikusanyiki kwenye daftari.

Mwongozo huu ni wa wote wawili, ila zaidi ni wa huyo wa pili. Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: utafiti mdogo kuhusu lugha ya mabango ya maduka ya nguo Kariakoo. Kama unasoma uchumi, ualimu au kilimo, ondoa mabango uweke cha kwako. Hatua hazitofautiani sana. Takwimu za mabango utakazoziona humu nimezitunga kwa ajili ya kufundishia, usizinukuu popote.

Hatua ya kwanza: punguza mada mpaka uweze kuifikia kwa miguu

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania. Ukiandika neno "Tanzania" kwenye anwani ya utafiti wako, umejitwika watu hao wote. Ukiandika "Dar es Salaam", umejitwika watu 5,383,728. Wewe una wiki kumi na mbili, nauli ya daladala, na bumu, yaani mkopo wa chuo, ambalo nusu yake imeshakwenda kwenye chakula na kodi ya chumba.

Mada hukatwa kwa visu vitatu: kitu, mahali, na muda. Chukua mada hii ambayo kila mwaka huja kwa sura tofauti: "Matumizi ya Kiswahili katika biashara nchini Tanzania." Kitu gani katika biashara? Mazungumzo ya muuzaji na mteja, risiti, matangazo ya redio, au mabango? Tuseme mabango. Mabango ya nani? Ya maduka ya nguo, tena yale yaliyofungwa juu ya mlango, si karatasi za kubandika na kubandua. Wapi? Mtaa mmoja, kuanzia makutano fulani hadi makutano fulani. Lini? Wiki mbili za mwezi mmoja. Sasa unapata anwani inayosomeka: "Uchaguzi wa Lugha katika Mabango ya Maduka ya Nguo: Mfano wa Mtaa wa Congo, Kariakoo."

Wengi wanaogopa kwamba mada ndogo itaonekana nyepesi. Nimesoma ripoti nyingi za wanafunzi, na sijawahi kuona iliyoanguka kwa sababu ya udogo wa mada. Zilizoanguka nilizoziona zilianguka kwa sababu mwandishi alizungumzia nchi nzima huku akiwa amehoji watu ishirini wa bweni lake.

Kabla hujaipeleka mada kwa msimamizi, nenda huko kwenyewe siku moja bila daftari. Tembea mtaa mzima. Angalia kama mabango yapo ya kutosha, kama yanasomeka, kama mtu anaweza kusimama na simu bila kusukumwa na mikokoteni. Safari hiyo ya saa mbili inaweza kukuokolea mwezi mzima.

Hatua ya pili: malengo, na kila lengo na data yake

Malengo mahususi yawe mawili au matatu. Manne ni mengi kwa ripoti ya shahada ya kwanza. Tumia vitenzi ambavyo mtu anaweza kukagua kama umevitimiza: kubainisha, kulinganisha, kuainisha, kueleza sababu. "Kuelewa" na "kuangalia" havifai, maana hakuna awezaye kukukamata kama hukuelewa.

Chora jedwali lenye safu tatu: lengo, data itakayolijibu, na njia ya kuipata. Kwa mfano wetu, lengo la kwanza ni kubainisha lugha zinazotumika kwenye mabango; data yake ni picha za mabango, njia ni kupiga picha na kuhesabu. Lengo la pili ni kueleza sababu za wenye maduka kuchagua lugha hizo. Data ni maneno yao wenyewe, njia ni usaili. Halafu mwanafunzi huongeza lengo la tatu: "Kuchunguza athari za lugha ya bango kwa mauzo ya duka." Jaza safu ya pili hapo. Data itatoka wapi? Itabidi uombe daftari la mauzo, na mfanyabiashara akikuona unaulizia mauzo atadhani umetumwa na watu wa kodi, TRA. Hutapata daftari, na hata ule usaili wa lengo la pili utakuwa umeuharibu. Futa lengo hilo. Jedwali limekwambia mapema jambo ambalo ungeligundua wiki ya tisa.

Hatua ya tatu: soma kwa kutafuta, usisome kwa kurundika

Anza na yaliyo karibu. Majarida ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani *Kiswahili*, *Mulika* na *Kioo cha Lugha*, yana makala nyingi ambazo wanafunzi wetu huzipita wakikimbilia vitabu vya Ulaya. African Journals Online, mtandao uliopo tangu 1998, unakusanya majarida ya Afrika, na makala nyingi humo hupakuliwa bure. Google Scholar nayo ina kitufe kimoja wengi hawakitumii: chini ya kila makala huonyesha kazi nyingine zilizoitaja. Ukipata makala moja nzuri, marejeleo yake yanakupeleka nyuma kwa waliotangulia, na kitufe hicho kinakuleta mbele kwa waliofuata. Makala moja iliyoshikwa vizuri huzaa kumi.

Bando likiwa dogo, nenda maktaba na orodha ya unavyotaka, pakua vyote kwa mkupuo mmoja, kasome ukiwa nje ya mtandao. Usisome kila makala kuanzia neno la kwanza. Soma ikisiri, yaani ule muhtasari wa mwanzo, ruka uende kwenye hitimisho, kisha urudi kwenye mbinu. Ikikufaa baada ya hapo, ndipo uisome yote.

Kwa kila unachosoma andika mambo matatu palepale: taarifa kamili za chapisho, namba ya ukurasa, na hoja kwa maneno yako mwenyewe. Ukinakili maneno ya mwandishi, yafunge kwa alama za kunukuu hapohapo kwenye daftari. Wizi mwingi wa kitaaluma niliouona haukuanza kwa nia mbaya. Ulianza kwa daftari lisilo na alama za kunukuu. Miezi miwili baadaye mwanafunzi akasoma sentensi nzuri, akadhani ni yake.

Sasa kuandika mapitio yenyewe ya machapisho. Mapitio mengi yanafanana na orodha ya mahudhurio: fulani anasema hivi, fulani anasema vile, fulani naye anasema. Msomaji anafika mwisho hajui wewe unasema nini. Panga kwa hoja, si kwa majina. Kwa mfano wetu, kuna makala ya Landry na Bourhis ya mwaka 1997, iliyotokana na utafiti kwa wanafunzi wa sekondari wanaozungumza Kifaransa nchini Kanada. Hao walieleza kwamba alama za barabarani, matangazo, majina ya mitaa, ya mahali na ya maduka, pamoja na maandishi ya majengo ya serikali, kwa jumla hujenga sura ya lugha ya eneo; wanazuoni wetu huiita mandhari-lugha. Wakatofautisha kazi mbili za maandishi hayo: kutoa taarifa, na kuashiria hadhi. Usiishie kusema "Landry na Bourhis (1997) wanasema". Sema unawachukulia nini: kwamba utaliuliza kila bango la Kariakoo kama neno fulani liko pale ili mteja ajue kinachouzwa, au ili duka lionekane la hadhi. Hapo nadharia imekuwa chombo cha kazi. Utaihitaji tena sura ya nne, ile ya matokeo, ishike.

Neno kuhusu programu za akili unde kama ChatGPT, iliyotoka Novemba 2022. Soma kwanza mwongozo wa chuo chako kuhusu matumizi yake, maana vyuo havifanani. Lakini lipo moja lisilohitaji mwongozo: programu hizi hutunga marejeleo. Zitakupa jina la mwandishi, mwaka, jarida na kurasa, vyote vikiwa na sura ya ukweli, na chapisho lenyewe halipo duniani. Mwaka 2023 mawakili huko New York, katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca, walipeleka mahakamani kesi za kubuni walizopewa na ChatGPT, jaji akawatoza faini ya dola 5,000. Kwako wewe faini ni shahada. Kama hujalifungua chapisho na kulisoma mwenyewe, lisiingie kwenye kazi yako.

Hatua ya nne: barua

Usiingie uwandani bila barua ya utambulisho. Chuo hukuandikia, barua huanzia ngazi ya mkoa au halmashauri, hushuka wilayani, kisha kata, mpaka kwa mtendaji wa mtaa. Kila meza ina siku zake, na ofisa mmoja akisafiri barua inalala. Kwa hiyo iombe siku ileile msimamizi anapokubali pendekezo lako, wala usisubiri hojaji ikamilike. Toa kopi kadhaa, na kila ofisi unayopita gongesha muhuri kwenye kopi yako.

Utafiti unaogusa afya ya watu una mlango mwingine, wa kibali cha maadili chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Aliye Kenya aulize chuoni mapema habari za leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya huko. Kama mada yako inagusa wagonjwa, watoto au wafungwa, fikiria mara mbili kama una muda wa kusubiri.

Hatua ya tano: uwandani

Tuanze na idadi ya watu au vitu utakavyochunguza. Wanafunzi wengi hutumia kanuni ya Yamane ya mwaka 1967: unagawa idadi ya kundi lote kwa moja jumlisha idadi hiyo mara kipeo cha pili cha kiwango cha makosa. Kundi likiwa 400 na kiwango cha makosa 0.05, hesabu inakupa 400 kugawa kwa 2, yaani 200. Ni kanuni nzuri mahali pake. Lakini mtaa ukiwa na maduka 60 ya nguo, kanuni itakwambia uchukue 53. Kwa nini uache saba? Chukua yote sitini, na swali la sampuli litakuwa limekwisha. Vilevile usiitumie kanuni hii kutafuta idadi ya watu wa kuwafanyia usaili wa kina. Huko unaendelea mpaka majibu yaanze kujirudia na mtu mpya asikuongezee jambo jipya. Kwa utafiti wa ukubwa huu, watu wanane hadi kumi na wawili mara nyingi wanatosha.

Maswali yajaribu kwa watu watano kwanza, mtaa mwingine. "Je, huoni kwamba Kiingereza kinavutia wateja zaidi?" Swali hili limeshajijibu, na Mswahili mstaarabu atakuitikia tu ili asikuvunje moyo. Uliza: "Maneno haya ya kwenye bango mliyachaguaje?" Kisha nyamaza. Kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kuuliza, lakini maelezo mazuri huja baada ya ule ukimya ambao wewe ulitaka kuujaza.

Namna ya kuingia dukani nayo ifanyie mazoezi. Usianze na neno "utafiti". Anza na salamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Unataka za kike au za kiume?"

"Asante mama. Leo sijaja kununua. Mimi ni mwanafunzi, tuna kazi ya chuo kuhusu maandishi ya mabango ya madukani. Barua yangu hii hapa, mtendaji ameigonga muhuri. Nikuombe dakika kumi unieleze bango lako lilivyopata jina, ukiwa na nafasi. Jina lako sitaliandika."

"Sasa hivi nina wateja. Njoo saa nane."

Uwepo saa nane kasorobo. Ukimkuta ana mteja, simama pembeni. Na akisema hataki, mshukuru uondoke. Ridhaa yake ni haki yake, na barua ya serikali haiiondoi. Kabla ya kuwasha kinasa sauti cha simu, omba ruhusa upya, kwani kukubali kuzungumza si kukubali kurekodiwa.

Sasa daftari. Kila bango lipe msimbo: D01, D02, kuendelea. Andika tarehe, saa, namba ya picha, na maneno yote kama yalivyo, na makosa yake ya tahajia. Tuseme D14 imeandikwa kwa herufi kubwa nyekundu MAMA SALHA FASHION, na chini yake kwa herufi ndogo nyeusi *karibu wateja, jumla na rejareja*. Usinakili tu maneno. Andika kwamba jina lenye Kiingereza ni kubwa na jekundu, maelezo ya Kiswahili ni madogo na meusi. Ukifika nyumbani hutakumbuka rangi, na picha iliyopigwa juani huenda isikuonyeshe.

Sasa D14 ni bango la lugha gani? Hapa ndipo utafiti wenyewe ulipo, na hapa ndipo wengi wanapapita mbio. "Mama" ni Kiswahili, "Salha" ni jina la mtu, "fashion" ni Kiingereza, mstari wa chini ni Kiswahili kitupu. Na bango la jirani limeandikwa FESHENI. Hilo neno limeshakuwa la Kiswahili au bado? Jina la kampuni ya nguo ya kigeni lihesabiwe kama Kiingereza au liachwe nje? Hakuna jibu la mbinguni. Kuna kanuni unazoziandika wewe kabla ya kuhesabu, ukazifuata kwa mabango yote sitini bila upendeleo: majina ya watu hayahesabiwi, neno lenye tahajia ya Kiswahili ni la Kiswahili, majina ya kibiashara ya kigeni yanawekwa kapu lake. Kanuni hizo ziandike neno kwa neno kwenye sura ya tatu, ya mbinu, ili mwingine akizichukua afike ulikofika.

Zipime hivi. Mpe rafiki yako wa darasani kanuni na picha ishirini, aziainishe peke yake. Mkilingana kwenye 14 tu, yaani asilimia 70, kanuni zako bado zina ukungu. Kaeni mtazame zile sita zilizowatenganisha, rekebisha kanuni, kisha rudia. Jioni moja ya kazi hii ina thamani kuliko kurasa tano za nadharia, na mtahini anaiona.

Hifadhi kila kitu mahali patatu siku hiyohiyo: kwenye kompyuta, kwenye barua pepe yako au hifadhi ya mtandaoni, na kwenye flashi anayokaa nayo mtu mwingine. Mimi mwenyewe mwaka wa tasnifu yangu nilikuwa na nakala moja tu ya sauti za usaili, kwenye flashi iliyofungwa kwenye ufunguo. Nilishuka daladala, ufunguo ukabaki kitini. Watu kumi na mmoja walikuwa wamenipa muda wao. Saba nilifanikiwa kuwapata tena, na mmoja kati ya hao saba, mzee wa watu, alisimulia upya kwa uvumilivu huku mimi nikishindwa kumtazama usoni.

Hatua ya sita: kuandika, tena si kwa mpangilio wa sura

Ripoti nyingi za vyuo vyetu zina sura tano: utangulizi, mapitio ya machapisho, mbinu, matokeo na mjadala, kisha hitimisho. Msomaji atazisoma kwa mpangilio huo, lakini wewe usiziandike hivyo. Anza na sura ya tatu, maana ulichofanya unakijua na hakihitaji ufasaha, kinahitaji ukweli. Ingia sura ya nne ukiwa bado na harufu ya Kariakoo. Kisha rudi sura ya pili ukate usichokitumia. Tano, halafu moja. Ikisiri iwe ya mwisho kabisa.

Sura ya tatu ina kosa moja linalojirudia kila mwaka. Pendekezo liliandikwa kwa wakati ujao: "utafiti utafanyika, data zitakusanywa." Mwanafunzi hunakili kurasa hizo kwenye ripoti na kusahau kubadili njeo. Mtahini anasoma ripoti ya kazi iliyokamilika ikisema data zitakusanywa. Tafuta kila "-ta-" kwenye sura hiyo, moja baada ya nyingine. Ukiwa hapo kwenye sura hiyohiyo, sema ukweli wa uwandani: kama ulipanga usaili wa watu kumi na wawili ukapata tisa, andika tisa na sababu yake.

Usaili uliorekodi andika wote kwa maneno ya msemaji, na utenge muda wa kutosha: saa moja ya sauti inaweza kukula saa nne au zaidi. Akichanganya lugha, mwache achanganye. Ukimsafishia maneno, unafuta data.

Sasa sura ya nne. Tuseme kati ya mabango 60, Kiswahili pekee ni 21, Kiingereza pekee 15, mchanganyiko 24. Ripoti dhaifu itaandika: "Jedwali linaonyesha kuwa asilimia 35 ya mabango ni ya Kiswahili, asilimia 25 ni ya Kiingereza na asilimia 40 ni ya mchanganyiko." Jedwali limeshayasema hayo juu yake. Kazi yako ni kurudi kwenye yale 24 na kuuliza lugha mbili zimegawanaje ubao mmoja. Ukirudi kwenye daftari, tuseme unakuta kwenye 19 kati yake jina la duka lina Kiingereza, na maelezo ya bidhaa na wito kwa mteja ni kwa Kiswahili. Basi andika hivi:

"Katika mabango 19 kati ya 24 ya mchanganyiko, lugha zimegawana kazi. Kiingereza kimebeba jina la duka, Kiswahili kimebeba maelezo ya kinachouzwa na wito kwa mteja. Kwa kutumia istilahi za Landry na Bourhis (1997), Kiingereza hapa kinaashiria hadhi na Kiswahili kinatoa taarifa. Mwenye duka D14 alieleza: 'Jina lazima liwe na ukisasa, lakini mteja wa jumla ukimwandikia Kizungu atapita.'"

Ona kilichotokea: namba, daftari, nadharia na sauti ya mtu vimekutana kwenye aya moja. Ukiweza kuandika aya sita za namna hiyo, sura ya nne unayo. Kama huna hata moja, rudi kwenye picha, usirudi kwenye intaneti.

Hitimisho lisitoke nje ya mtaa wako. Huwezi kusema "Watanzania wanathamini Kiingereza." Unaweza kusema kwamba katika maduka 60 ya nguo ya mtaa huu, kwa muda huu, Kiingereza kimepewa jina na Kiswahili kimepewa kazi ya kuuza. Mapendekezo nayo yatoke kwenye matokeo. Nimechoka kusoma ripoti zinazopendekeza "serikali itoe elimu kwa jamii" ilhali hakuna ukurasa ulioonyesha kwamba jamii inakosa elimu hiyo.

Hatua ya saba: marejeleo

Fuata mwongozo wa idara yako hata kama mtandaoni umeona tofauti. Idara nyingi hutumia mtindo wa APA, ambao toleo lake la saba lilitoka 2019. Zotero ni programu ya bure, itakutunzia machapisho na kuyapanga; ijaze tangu siku ya kwanza, na hakikisha kwa macho yako inachokupangia, hasa majina yetu, maana hugeuza jina la ukoo na la kwanza. Mwishoni fanya ukaguzi wa njia mbili: kila jina lililo ndani ya kazi liwe kwenye orodha, na kila lililo kwenye orodha liwe ndani ya kazi.

Kama chuo chako kinatumia Turnitin, programu inayolinganisha kazi yako na machapisho mengine, elewa kwamba inaonyesha ufanano, haihukumu wizi. Nukuu iliyofungwa vizuri inaweza kuhesabiwa, na wizi uliobadilishwa maneno mawili matatu unaweza kupita. Usiandike ukiiwinda asilimia. Funga chapisho, eleza hoja kwa maneno yako, kisha umtaje mwenyewe.

Hatua ya nane: msimamizi

Msimamizi ana wanafunzi wengi. Ujumbe wa "Shikamoo Mwalimu, naomba unisaidie" unasubiri. Ujumbe huu hujibiwa: "Shikamoo Mwalimu. Nimekutumia sura ya tatu kwa barua pepe leo. Nina swali moja, ukurasa wa nne: neno *fesheni* nimelihesabu Kiswahili kwa sababu ya tahajia. Je, ni sahihi? Nitapita ofisini Jumatano saa tano, kama utakuwepo." Nenda na sura iliyochapwa, na daftari la kuandikia anayokuambia. Akisahihisha, rudisha nakala mpya pamoja na ile ya zamani yenye wino wake, aone ulichobadili. Usipokubaliana naye, mweleze sababu yako kwa adabu na kwa ushahidi. Wasimamizi wazuri hupenda mwanafunzi anayeitetea kazi yake.

Hatua ya mwisho: steshenari

Maliza siku nne kabla ya tarehe ya kukabidhi. Siku ya kwanza usiiguse kazi. Siku ya pili isome kwa sauti mwanzo hadi mwisho, maana sikio hunasa sentensi zilizovunjika ambazo jicho limezizoea. Mpe na rafiki wa idara nyingine asome ikisiri peke yake, kisha akueleze ulitafuta nini na ulipata nini. Akikwama, iandike upya.

Siku ya tatu hifadhi faili kwa PDF kabla ya kwenda steshenari. Faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine huweza kuhamisha majedwali na kubadili namba za kurasa. Chapa nakala moja kwanza. Ipekue ukiwa umesimama palepale kaunta: ukurasa wa jina, tamko na saini, yaliyomo na kurasa zake, majedwali, viambatisho, barua yenye muhuri. Angalia kama kuna ukurasa uliogeuka kichwa chini au uliotoka mweupe. Ukiridhika, ndipo useme watoe nakala zilizobaki na wajalidi. Na katika hizo ongeza moja ya bei nafuu, ya kubana kwa spiral tu, umpelekee yule mama wa saa nane. Mfungulie ukurasa wenye bango lake.